Sumu ya fungo inavyoweza kuishia mdomoni mwa mtoto

Kilosa. Asubuhi katika vijiji vya Rudewa huanza kwa sauti ya jogoo. Ikitokea siku jogoo hajawika, mama wa nyumba huenda bandani akiwa tayari anahisi atakachokikuta: manyoya yametapakaa, kuna damu kwenye majani na kuku wawili au watatu hawaonekani.

Kwa familia inayouza kuku ili kununua madaftari, sare au kulipa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, hiyo si hasara ndogo. Hasira hupanda haraka, na mara nyingi jirani hana ushauri wa mbali: chukua mzoga uliobaki, upake dawa ya wadudu inayotumika shambani, uuache nyuma ya nyumba. Mwizi akirudi usiku, hataondoka.

Tatizo ni kwamba mwizi huja usiku, lakini mzoga ule unabaki pale hadi mchana. Na mchana, anayezunguka nyuma ya nyumba ni mtoto wa miaka miwili anayeokota kila anachokiona na kukipeleka mdomoni. Pia yupo mbwa wa nyumbani, na wapo kuku wengine ambao kesho yake wanaweza kuingia kwenye sufuria ya familia.

Makala haya yanaeleza wanyama hawa wadogo wanaoiba kuku wanakula nini hasa, kwa nini wamesogea karibu na makazi ya watu, na jinsi mzazi anavyoweza kulinda banda lake bila kuweka maisha ya mwanawe hatarini.

Mwizi ni nani hasa?

Vijijini, mnyama yeyote anayeiba kuku huishia kuitwa kicheche. Ukweli ni kwamba watuhumiwa ni wengi, na kila mmoja ana njia yake ya kuingia bandani.

Fungo ni mkubwa kuliko wenzake. Ana ukubwa wa mbwa wa wastani, uzito wa kati ya kilo 7 na 20, mwili wenye madoa na mistari, na rangi nyeusi machoni kama aliyevaa barakoa. Hutembea usiku juu ya ardhi na si hodari wa kupanda miti. Watu wa pwani wanamjua kwa zabadi, ute wenye harufu kali unaotoka kwenye tezi zake ambao kwa karne nyingi umetumika kutengeneza manukato.

Kanu ni mwembamba, mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete. Uzito wake kwa kawaida ni kama kilo mbili tu. Huyu hupanda miti na paa kwa urahisi na kupenya kwenye uwazi ambao mwenye banda hakudhani kama unatosha kumpitisha mnyama.

Nguchiro wengi hutembea mchana. Ndiyo maana mayai na vifaranga vinaweza kupotea saa nne asubuhi wakati watu wako shambani. Yupo pia kicheche mwenyewe, mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anayejihami kwa kutoa harufu mbaya, na yupo paka pori.

Kumjua mwizi kunasaidia kuchagua kinga. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo linaweza kumshinda fungo lakini lisimzuie kanu. Kufunga mlango usiku hakumzuii nguchiro anayekuja mchana.

Kinyesi kinatoa siri

Wanyama hawa hujificha, hivyo ni vigumu kuwaona wakila. Watafiti wa wanyamapori hutumia njia nyingine: hukusanya kinyesi chao, wakakiosha kwenye chekecheo, kisha wakatenganisha kilichobaki. Nywele, mifupa na meno huonyesha ni mnyama gani aliyeliwa. Mabawa na magamba huonyesha wadudu. Mbegu huonyesha matunda.

Kwa fungo kazi hiyo ni rahisi kidogo kwa sababu ana tabia ya kurudi mahali pamoja kujisaidia, mara nyingi kando ya njia. Anayepita kwenye vichaka karibu na mashamba anaweza kuona rundo la kinyesi lililojaa mbegu na magamba ya jongoo.

Kinachopatikana humo huwashangaza wengi. Fungo ni mla nyama kwa jina, lakini sehemu kubwa ya chakula chake ni matunda na wadudu. Hula panzi, mende, kumbikumbi, na hata jongoo ambaye wanyama wengi humwacha kwa sababu ya sumu yake. Hula panya, vyura, ndege, mayai na mizoga. Kuku yumo kwenye orodha, lakini si mlo wake wa kila siku.

Kanu naye hula sana panya, akaongeza wadudu, ndege wadogo, mijusi na matunda. Nguchiro wengi huishi kwa wadudu wanaowafukua ardhini, pamoja na mayai na nyoka.

Mbegu anazomeza fungo hutoka zikiwa bado zinaweza kuota. Kwa kuwa hutembea umbali mrefu usiku, huzipeleka mbali na mti mama. Msitu uliokatwa vipande huhitaji wapandaji wa aina hiyo.

Mzazi azingatie jambo moja: kinyesi hicho kisichezewe na watoto. Kinyesi cha wanyama wanaokula nyama kinaweza kuwa na mayai ya minyoo inayompata binadamu. Mtoto aliyekishika anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Msitu umebaki vipande

Rudewa iko kando ya barabara ya Dumila kwenda Kilosa, kwenye ardhi ya mahindi, mpunga na mkonge. Upande wa magharibi inainuka milima ya Ukaguru na Rubeho, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Upande mwingine kuna tambarare ya Mkata inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964.

Kati ya milima na hifadhi, msitu uliobaki ni vipande: ukanda wa miti kando ya mto, kichaka kwenye kilima, makaburi ya zamani ambayo hayakulimwa. Kilimo, malisho, kuni na mkaa vimechukua sehemu nyingine.

Mnyama anayeishi kwenye kipande kidogo hapati chakula cha kutosha ndani yake. Lazima atoke, na anapotoka anakutana na shamba, zizi, jalala na banda. Papai lililoanguka, maganda ya embe, utumbo wa samaki uliotupwa nyuma ya jiko, na kuku aliyelala juu ya mti wa mwembe, vyote kwake ni chakula. Yeye hajui mpaka wa shamba la mtu.

Fungo na wengi wa kanu wanaweza kuishi hivyo kwa sababu si wachaguzi wa chakula. Wapo wasioweza. Mfano ni kanu wa Lowe, jamii ya kanu wa misitu ya milimani. Alijulikana kwa sayansi kutokana na ngozi moja iliyopatikana Dabaga, mkoani Iringa, mwaka 1932. Baada ya hapo ilipita miaka 68 bila rekodi yake, hadi alipopatikana tena mwaka 2000 kwenye Milima ya Udzungwa. Mnyama wa namna hiyo, msitu ukiisha, hahamii kwenye banda la kuku. Hutoweka.

Kilosa ni miongoni mwa wilaya ambako baadhi ya vijiji vimetenga misitu yao na kuweka utaratibu wa kuvuna mkaa kwa zamu, maeneo mengine yakiachwa yapumzike. Kwa mzazi mwenye kuku, faida yake haionekani mara moja, lakini mnyama mwenye msitu wa kumtosha ana sababu chache za kuja kwenye jalala la nyumbani.

Panya ndiye mgeni wa hatari zaidi

Kuku akiliwa, familia hujua asubuhi ile ile. Panya huiba polepole na hatuhumiwi sana, ilhali hasara yake ni kubwa kuliko ya fungo.

Morogoro ni kati ya maeneo ya Afrika ambako panya wa mashambani wamechunguzwa kwa muda mrefu, kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Anayesumbua zaidi ni yule panya wa shamba mwenye chuchu nyingi. Jike hubeba mimba kwa takriban wiki tatu na huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Hufukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, kisha mavuno yakiwekwa ndani huyafuata huko huko. Makadirio ya watafiti ni kwamba panya humaliza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi nchini kwa mwaka.

Zaidi ya chakula, panya huleta maradhi. Julai 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, uliokuwa umewapata watu 20 na kuua watatu. Uchunguzi ulionyesha ni homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na humwingia mtu kupitia michubuko, macho, pua au mdomo anapogusa maji au udongo uliochafuliwa.

Jina lenyewe linatoa onyo: mgunda, katika lugha kadhaa za Tanzania, ni shamba. Wilaya ya Kilosa ina mashamba ya mpunga na historia ya mafuriko, na watoto hucheza kwenye madimbwi bila viatu. Dalili ni homa, kichwa kuuma, maumivu makali ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu, na wakati mwingine macho kuwa ya njano. Kwa kuwa hufanana na malaria, mtoto mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu arudishwe kwa daktari, na mzazi ataje kama alikuwa akicheza kwenye maji au nyumba ina panya. Ugonjwa huu unatibika kwa antibayotiki, hasa ukiwahiwa.

Je, kanu na fungo wanaweza kuwamaliza panya hao? Hapana. Watafiti waliwahi kujaribu kwenye mashamba ya mahindi nchini, wakazuia wawindaji kwa nyavu katika baadhi ya maeneo na kuwavutia ndege wawindaji katika mengine. Walichoona ni kwamba mwindaji peke yake hatoshi, kwa sababu panya huzaana haraka mno. Bado inabaki kazi ya mwenye nyumba: kuhifadhi nafaka kwenye vyombo vinavyofungwa, kufyeka majani karibu na nyumba, kufunika chakula na kutega mitego.

Hata hivyo, kila panya anayeliwa usiku nyuma ya nyumba ni mmoja aliyepungua bila gharama na bila sumu. Kumuua anayefanya kazi hiyo bure ni kujiongezea mzigo.

Sumu haichagui mdomo

Sumu zinazotegwa vijijini ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ni viuatilifu vya shambani vinavyopakwa kwenye nyama. Hivi hushambulia mishipa ya fahamu, na dalili huweza kuanza ndani ya dakika au saa chache: mate na machozi mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida.

Ya pili ni sumu nyingi za panya, zinazozuia damu kuganda. Hizi ni za hila kwa sababu mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha akaanza kutoka damu puani au kwenye fizi, kupata alama za damu chini ya ngozi, au kukojoa damu. Mzazi asisubiri dalili ndipo aende hospitali.

Sumu hiyo hiyo humfuata panya mwilini. Panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa, na wakati huo huwa mzito, rahisi kukamatwa. Bundi, kanu, fungo au paka wa nyumbani akimla, sumu humwingia na yeye. Familia iliyotaka kupunguza panya hujikuta imewaua wawindaji wa panya.

Zipo pia pakiti ndogo zinazouzwa mitaani na minadani bila maelezo. Hizo ni hatari zaidi, kwa sababu ajali ikitokea mhudumu wa afya hana pa kuanzia kujua mtoto amekula nini.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumuua mnyamapori bila kibali, na inakataza kutumia sumu kuwinda.

Mtoto akila sumu, fanya hivi

Mwondoe mahali palipo na sumu. Toa mabaki mdomoni kwa kitambaa, mvue nguo zilizochafuka na umwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi. Anayemhudumia avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Usimlazimishe kutapika. Sumu inaweza kumwingia kwenye mapafu.

Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya mkaa ukidhani unaondoa sumu. Imani kwamba maziwa ni dawa ya sumu imeenea sana, lakini si kweli, na muda unaotumika kuyatafuta ndio muda ambao mtoto alipaswa kuwa njiani.

Akiwa amelegea au anatapika, mlaze ubavu ili asipaliwe.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anacheza, na ubebe pakiti au chupa ya sumu. Kama haina maandishi, ibebe vilevile. Ushauri wa simu unapatikana kupitia namba 199 ya Wizara ya Afya, lakini kupiga simu kusichelewesha safari.

Na kuku aliyekufa kwa sumu, au anayehisiwa kula sumu, asiliwe. Kuchemsha hakuondoi sumu. Afukiwe kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Banda lililofungwa ndiyo dawa

Kinga ya kuku haihitaji fedha nyingi, inahitaji utaratibu.

Kuku waingizwe bandani kabla jua halijazama, kila siku. Kuku wanaolala juu ya miti au chini ya uvungu wa ghala ndio wanaoliwa kwanza. Kazi hii mtoto wa shule anaweza kuifanya na kuizoea, mzazi akihakiki.

Banda liinuliwe kwa nguzo kiasi cha mita moja, na kila nguzo ifungwe bati laini kuzunguka ili mpanda miti ateleze. Lisiwe chini ya tawi la mti wala lisiguse paa la jiko. Uwazi wa dirisha uwekwe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Kipimo rahisi ni kwamba palipopita ngumi ya mtoto, kanu naye hatashindwa kupajaribu. Mlango uwe na kitasa au komeo, usizibwe kwa jiwe wala gunia.

Kwa nguchiro wa mchana, mayai yaokotwe mara mbili kwa siku na vifaranga vifunikwe kwa tenga katika wiki zao za kwanza.

Mabaki ya chakula na matumbo ya samaki yafukiwe. Mnyama asiyekuta kitu kwenye jalala hana sababu ya kulijua banda.

Mfugaji pia ajue anayemmalizia kuku zaidi. Kideri kikiingia kijijini kinaweza kufuta banda zima ndani ya siku chache, jambo ambalo fungo hawezi. Chanjo ya kideri ya I-2, inayostahimili joto, hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata ataeleza inapopatikana, na majirani wakichangia chupa moja gharama kwa kila kuku huwa ndogo.

Watoto wasimguse

Mnyamapori aliyefungiwa kwenye kona huuma. Watoto wafundishwe kutomkimbiza nguchiro, kutoingiza mkono kwenye shimo na kutookota kitoto cha kanu hata kama kinafanana na paka.

Mnyama wa usiku anayetembea mchana akiyumba, au asiyeogopa watu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huenezwa kwa binadamu na mbwa kwa asilimia karibu 99, lakini virusi vyake vinaweza kumpata mnyama yeyote anayenyonyesha. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, na sindano zote zikamilishwe. Mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka, kwani ndiye anayekutana na wanyama wa porini kabla ya mtoto.

Usiku ukiingia Rudewa, fungo atatoka kichakani kama kawaida. Atapita shambani, ataokota panzi, atamfuata panya kwenye mahindi, na huenda akapita mita chache kutoka banda. Akikuta limefungwa ataendelea na safari yake, na asubuhi mtoto akitoka kucheza nyuma ya nyumba hatakuta kitu chochote cha kumdhuru.